Wasiwasi wa Mtoto na Mwenzake wa Dawati Moja

Kila Januari, shule zinapofunguliwa, wazazi wa Pasua, Majengo na Kiboriloni hapa Moshi hutufikia wakieleza kwamba mtoto anaumwa tumbo kila asubuhi ya shule, halali vizuri, au amegoma kabisa kuingia darasani. Tunapouliza ni nini kimebadilika, jibu huja mwishoni, tena kwa kupuuzwa: amehamishwa shule, na yule mwenzake waliyekuwa hawaachani amebaki kule.

Jambo hilo si dogo. Mwaka 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha Concordia mjini Montreal, Kanada, walichapisha utafiti wa wanafunzi wa darasa la tano na la sita waliopimwa mate. Mtoto aliyepatwa na jambo baya akiwa na rafiki yake wa karibu, kiwango chake cha kotisoli, yaani homoni ya msongo, hakikupanda kama cha aliyekuwa bila rafiki huyo, wala hakujidharau kwa kiasi kilekile. Huyo rafiki si lazima awe na ushauri wa maana. Uwepo wake una kazi yake.

Ni kweli kwamba watoto wawili wanaorudia shida ileile kutwa nzima wanaweza kuongezeana hofu. Wapewe shughuli, wasitenganishwe.

Wapo wanaotuambia kuwa kucheza na marafiki ni kupoteza muda na kwamba ndugu wa nyumbani wanatosha. Hapana, na tumeshalisema hili mara nyingi. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kimetaja haki ya kucheza na kupumzika pamoja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, na kifungu cha 14 kimeweka faini isiyozidi shilingi milioni tano, kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili, kwa anayekiuka masharti ya sehemu ya sheria yenye vifungu hivyo. Hatusemi haya ili kumtisha mzazi yeyote.

Hofu ikidumu wiki kadhaa, mlezi aanze kwa mwalimu wa darasa au wa unasihi, kisha amwone afisa ustawi wa jamii. Chanzo kikiwa kipigo au ukatili mwingine, asisubiri hatua hizo, bali aripoti katika Dawati la Jinsia na Watoto la polisi au apige 116 bila malipo. Mtoto akiomba kusindikizwa na rafiki yake ofisini, aruhusiwe, ilimradi wazazi wa rafiki huyo wameridhia. Mazungumzo ni ya siri, hivyo mwenzake atasubiri kwenye benchi la nje.