Ruwaza ni nini, na mtoto aionaje kwenye mchoro wa kisasa?

Tandika kanga sakafuni. Funika kipande cha pindo kwa sinia, kisha mwulize mtoto: chini ya sinia kuna nini? Mpwa wangu wa miaka sita hakufikiri hata kidogo. "Korosho, halafu kidoti, halafu korosho." Nikainua sinia, ikawa hivyo hivyo. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa jina lake.

Hiyo ndiyo ruwaza. Ni mpangilio unaojirudia kwa kanuni, kiasi kwamba ukiona sehemu unaweza kubashiri sehemu nyingine usiyoiona. Neno hili wengi tunakutana nalo darasani, kwenye hisabati au isimu, ndiyo maana linasikika gumu. Mtaani tunasema maua, mistari, madoadoa, drafti. Ukimpelekea fundi cherehani kitenge ukamwambia maua yakutane kwenye mshono, umemwambia alinde ruwaza, na akikosea utaiona kasoro hiyo toka ng'ambo ya barabara.

Watu huichanganya ruwaza na umbo. Umbo ni sura ya kitu kimoja: duara, mraba, pembetatu, mstatili. Korosho moja kwenye kanga ni umbo. Korosho zikipangwa kuzunguka pindo lote, zikiachana kwa nafasi ileile, hapo kuna ruwaza. Wingi peke yake hautoshi. Punje za mchele zilizomwagika kwenye ungo ni nyingi na zinafanana, lakini funika sehemu yake uone kama kuna atakayekwambia zimelalaje.

Kanga hiyohiyo ina mahali ambapo mchezo unagoma. Sogeza sinia mpaka kwenye jina, yale maandishi ya chini, ufunike maneno mawili ya katikati. Mtoto atakwama. Mtu mzima anayeijua methali atataja maneno yaliyofichwa, lakini huyo anakumbuka, habashiri.

Sasa mchoro wa kisasa. Kosa letu wakubwa ni kumwonyesha mtoto mchoro na kumwuliza, "Hiki ni nini?" Ataanza kutafuta nyumba, ng'ombe, baba. Wachoraji wengi wa karne ya 20 hawakuchora nyumba wala ng'ombe, kwa hiyo mtoto anaambulia patupu na kuamua kwamba sanaa hii si yake. Maswali yanayofungua mlango ni mepesi zaidi: kitu gani kimejirudia? Kimeacha kujirudia wapi? Na lile la sinia, ambalo kwenye picha ya simu au kitabu linafanywa kwa sarafu.

Anza na Wassily Kandinsky, Mrusi aliyekuwa akiishi Ujerumani. Mwaka 1913 alichora karatasi ndogo, upana wake kama sentimita 31, akaigawa miraba 12: safu tatu, kila safu minne. Ndani ya kila mraba kuna duara, ndani ya duara duara jingine, hivyo hivyo mpaka katikati. Lilikuwa zoezi lake tu la kuona rangi zinavyokaa pamoja. Weka sarafu juu ya mraba mmoja. Mtoto atasema "maduara", na amepata. Mwulize ya rangi gani. Hapo atanyamaza, kwa sababu rangi hazina zamu: hapa nyekundu iko nje, pale iko katikati, kwingine haipo. Umbo linajirudia, rangi inajiendea. Mtoto akilitambua hilo mwenyewe amepiga hatua kubwa, maana amejua kwamba mchoro mmoja unaweza kufuata kanuni kwa mkono mmoja na kuivunja kwa mkono mwingine.

Piet Mondrian, Mholanzi, ni wa mistari iliyonyooka. Alihamia New York mwaka 1940, akapenda muziki wa boogie-woogie, na kati ya 1942 na 1943 akachora Broadway Boogie Woogie, Broadway ikiwa barabara ya jiji hilo: njia za manjano zinazokatana, na juu yake vimraba vyekundu, vya buluu na vya kijivu. Usimwambie mtoto habari za jiji wala muziki kwanza. Mpe kidole apite kwenye njia moja ya manjano, na kila akikuta kimraba apige kofi. Utasikia makofi ya kukimbia, kisha kimya, kisha mawili ya haraka. Njia inaendelea kama ilivyotarajiwa, ila vimraba vinakuja kwa kushtukiza, mfano wa mpiga ngoma anayeshika mdundo huku akichomeka vya kwake.

Kuna ruwaza ya namna nyingine, ya upande mmoja kuujibu upande wa pili. Huu ndio ulinganifu, kama mabawa ya kipepeo. Esther Mahlangu wa Afrika Kusini, aliyezaliwa mwaka 1935, alijifunza kwa mama na bibi yake kupamba kuta za nyumba kama wafanyavyo wanawake wa Kindebele: maumbo yenye rangi kali yaliyozungushiwa mistari myeusi. Mwaka 1991 alipamba gari zima la BMW kwa michoro hiyo. Hutumia unyoya wa kuku, bila rula. Kwenye kazi zake, funika nusu nzima kwa karatasi na mwambie mtoto achore iliyofichwa. Akifunua atakuta amekaribia sana, na atakuta pia vitofauti vidogo vya mkono wa binadamu. Mimi hivyo vitofauti ndivyo ninavyovipenda, ingawa mwalimu wa hisabati huenda asinielewe.

Henri Matisse, Mfaransa, ndiye mgumu, na kwa maoni yangu ndiye anayefaa kumaliziwa. Mwaka 1953, akiwa mzee na mgonjwa, alikuwa ameacha brashi na kushika mkasi. Wasaidizi wake walipaka karatasi rangi, yeye akakata, vipande vikabandikwa. Kazi yake iitwayo Konokono iko London, karibu mita tatu kwa mita tatu. Ina vipande vikubwa vya kijani, buluu, chungwa, nyeusi, na hakuna viwili vinavyofanana. Weka sarafu popote: umbo hulijui, rangi huijui. Je, basi hakuna ruwaza? Mpe mtoto kidole tena, aguse kipande kimoja baada ya kingine kutoka katikati kwenda nje. Kidole kitazunguka. Vipande havijirudii, njia ndiyo inayojizungusha, kama gamba la konokono. Mpwa wangu alizunguka mara tatu, mara ya nne akasimama pembeni juu kushoto, kwenye kipande cha zambarau, akasema kuna konokono mdogo amekatwa pale. Nilikuwa nimeitazama picha hiyo kwa miaka bila kumwona.

Kwa wadogo zaidi, wa miaka mitatu au minne, michoro hii ni ya baadaye. Wao wape vizibo vya soda. Chekundu, cheupe, chekundu, cheupe: wakiweza kuweka kinachofuata, wameshaikamata ruwaza. Baadaye waonyeshe picha za El Anatsui, Mghana aliyefanya kazi miaka mingi Nsukka, Nigeria, anayeshona maelfu ya vizibo vya alumini vya chupa za pombe kwa waya wa shaba mpaka vinakuwa pazia la kufunika ukuta. Mtoto aliyekaa sakafuni na vizibo vyake haulizi hiyo ni nini. Anauliza waya ameupitishaje.

Kitu kimoja usifanye, usimsahihishe haraka. Siku ile baada ya kanga tulipanga vizibo, mimi nikaanza, yeye akaendeleza: chekundu, cheupe, chekundu, cheupe. Cha tisa akaweka cha buluu. Nikanyoosha mkono nikibadilishe, akanishika. "Kiache, mjomba," akasema, akaendelea: cheupe, chekundu, cheupe, chekundu, mpaka vikagonga mlango.