Je, wajua kwa nini tunda la nathi hukua ndani ya mfuko?

Okota nathi iliyoanguka yenyewe. Kabla ya tunda unakutana na taa ndogo ya karatasi, rangi ya nyasi kavu, mishipa yake imejitokeza kama ya jani kuukuu. Ichane. Ndani kuna gololi ya dhahabu, na vidole vyako vinanata. Wakikuyu wanaiita nathi, Waluhya chimbobo, Waganda entuntunu. Wengi wetu tuliila bure tukichunga mbuzi, leo tunaikuta dukani kwenye kisanduku cha plastiki, bei yake usiulize.

Asili yake ni milima ya Andes, Amerika Kusini. Mwanzoni mwa karne ya 19 tayari ilikuwa ikilimwa Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, na Waingereza wakaipa jina la Rasi hiyo: Cape gooseberry. Huku kwetu imezoea nyanda za juu kiasi kwamba huota yenyewe kandokando ya mashamba bila kupandwa na mtu.

Sasa huo mfuko. Watu husema ni ganda la tunda, lakini ni sehemu ya ua. Tazama nyanya, ambayo ni ndugu yake: ile nyota ya kijani juu ya tunda ni sepali, zilizolishika ua tangu lilipokuwa chipukizi. Kwenye nyanya hubaki ndogo. Kwenye nathi, ua likishachavushwa, sepali zilizoungana huanza kuvimba na kulifunika tunda kabisa, tena kwa kasi kuliko tunda lenyewe. Ndiyo maana ukibonyeza mfuko mchanga unakuta hewa tupu, na kijipunje kama shanga.

Mfuko huo, ukiwa bado kijani, ni jiko. Hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua kama jani, na watafiti wa nathi ya Kolombia waliona kwamba tunda huutegemea sana katika siku 20 za mwanzo. Pia ni mlinzi: ule unato wa vidoleni ni utomvu wenye kemikali zinazowakera wadudu. Na si mtindo wa juzi. Mwaka 2017 wanasayansi walitangaza visukuku (mabaki ya kale yaliyohifadhiwa mwambani) vya jamii hii kutoka Patagonia, Argentina, vyenye umri wa miaka milioni 52. Mfuko bado unaonekana, na kimojawapo kina tunda lililogeuka mkaa ndani yake.

Kuipanda si kazi kubwa. Ponda tunda lililoiva ndani ya maji, osha mbegu, zianike kivulini, kisha zisie kitaluni. Miche ikifika urefu wa kiganja ihamishe, mita moja kati ya mmea na mmea, kwenye udongo usiotuamisha maji. Samadi weka kiasi. Hapa ndipo wengi hukosea: ukiirutubisha kupita kiasi, hasa kwa mbolea ya naitrojeni, unapata kichaka kizuri cha majani, matunda ya kuhesabu. Usiipande pia palipotoka nyanya au viazi, maana magonjwa yao ni yale yale, mnyauko ukiwa wa kwanza. Matawi ni mepesi kuvunjika, yasimamishie vijiti.

Pasipo na baridi ya kugandisha, mmea hauishii msimu mmoja. Mavuno yakipungua, kata matawi makongwe, nao utachipua upya. Baada ya miaka miwili hivi matunda huanza kuwa haba na madogo, ni heri kupanda mingine.

Wakati wa kuvuna utauambiwa na mfuko: ukikauka ukawa kama karatasi, tunda limeiva, na mara nyingi litaanguka lenyewe. Usiwe na haraka. Nathi ya kijani ina sumu, kama kiazi kilichopigwa na jua, na majani na mfuko wenyewe haviliwi. Ukishaokota usizimenye. Zikikaa na mifuko yao mahali pakavu penye hewa zinadumu wiki kadhaa. Zilizovuliwa huanza kusinyaa baada ya siku chache. Zile zilizokupita machoni zitaota mvua ijayo, katikati ya maharagwe yako.