Kuhariri Wikipedia ukiwa Uganda: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Vijana wengi wa Kampala, Arua na Jinja waliowahi kujaribu kuhariri Wikipedia wakaacha husimulia mambo yanayofanana: waliandika, kikafutwa, wakasusa. Inasikitisha, kwa sababu wengi wao walikuwa na jambo la maana la kusema kuhusu kwao. Kilichowakwamisha ni kanuni walizozisikia nusunusu.

"Aliyefuta maandishi yangu ananichukia." Huyo aliyefuta, mara nyingi hata hakujui. Tuseme umefungua makala ya Jinja ukaongeza sentensi mbili: kwamba Jinja ndio mji mzuri kuliko yote Afrika Mashariki, na kwamba bwawa la Owen Falls, ambalo leo huitwa Nalubaale, lilizinduliwa na Malkia Elizabeth II mwaka 1954. Baada ya saa moja zote hazipo. Fungua historia ya makala, utaona maandishi yako bado yamehifadhiwa pale, pamoja na jina la mtumiaji aliyeyaondoa na, kwa kawaida, maelezo mafupi ya sababu. Sentensi ya kwanza haitarudi, kwa kuwa ni sifa tupu, na ensaiklopidia haiegemei upande. Ya pili ni kweli kabisa, ila ilikosa tanbihi. Iandike tena ukiweka mwandishi, jina la kitabu au gazeti, mwaka na ukurasa, na itabaki.

Usichopaswa kufanya ni kuirudisha kwa hasira kila inapoondolewa. Katika Wikipedia ya Kiingereza, anayetengua kazi ya wenzake zaidi ya mara tatu katika makala moja ndani ya saa 24 anaweza kufungiwa hata kama haki iko kwake. Nenda ukurasa wa majadiliano, uliza kwa adabu, subiri jibu.

"Nimezaliwa hapa, mimi mwenyewe ndiye chanzo." Hapa ndipo penye uchungu. Kijana wa Mbale aliyekulia kwenye imbalu, sherehe za tohara za Wagisu, anaijua kuliko mgeni yeyote. Hata hivyo Wikipedia haipokei anachokijua mtu kichwani; inapokea kilichokwisha kuchapishwa mahali ambapo msomaji mwingine anaweza kwenda kuhakiki. Kanuni hii inatuumiza, kwa sababu historia nyingi za koo zetu bado ziko vinywani mwa wazee. Lakini naiunga mkono. Bila kanuni hiyo, kila ukoo ungejiandikia ukuu wake na msomaji asingejua amwamini nani.

Watu wengi hupotoka zaidi wanapodhani kwamba chanzo ni lazima kiwe cha Kiingereza na kipatikane mtandaoni. Sivyo. Gazeti la Bukedde, linaloandikwa kwa Kiluganda, linakubalika. Kitabu kilichoko kwenye rafu ya maktaba ya Makerere, ambacho hakijawahi kuingizwa kwenye kompyuta, kinakubalika pia, mradi utaje ukurasa. Kwa hiyo mwenye kadi ya maktaba hapa Kampala ana mtaji ambao mhariri wa Ulaya hana.

"Kila mtu ana haki ya kuwa na makala yake." Haki hiyo haipo. Joshua Cheptegei ana makala kwa sababu magazeti ya dunia nzima yaliandika alipokimbia mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 11 mjini Valencia, Oktoba 2020. Waandishi hao hawakutumwa naye. Wingi wa wafuasi wa TikTok hauhesabiki, wala tovuti ya kampuni yako mwenyewe. Na kama unalipwa kuandika, masharti ya matumizi yanakutaka utangaze hivyo hadharani tangu 2014. Kujipigia debe hugundulika upesi.

"Picha iliyoko Google ni ya wote." Picha nyingi zina wenyewe. Pakia uliyopiga wewe, ukikubali wengine waitumie.

"Kuna ofisi inayoidhinisha makala." Wahariri ni watu wa kujitolea. Wakabidhi, yaani wahariri waliopewa mamlaka ya usimamizi, wana uwezo wa kufuta kurasa na kufungia watumiaji, lakini hawapitishi kila sentensi kabla haijatoka. Katika Wikipedia ya Kiingereza, akaunti mpya husubiri siku nne na mahariri kumi kabla ya kuanzisha makala moja kwa moja.

"Kiswahili chetu cha Uganda hakifai." Dhana hii inaniudhi kuliko zote. Baraza la Mawaziri lilikipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, na Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003, lakini bado tunajiona kama wageni mlangoni. Mkikosea ngeli, mwenzenu wa Tanga au Mombasa atarekebisha. Hiyo ndiyo kazi ya kuhaririana. Kisichovumilika ni kumwaga tafsiri ya mashine bila kuisoma. Makala nyingi za wilaya za Uganda kwa Kiswahili bado ni mbegu, sentensi mbili tatu tu. Anza na ya wilaya yako: weka idadi ya watu ya sensa ya 2024, na tanbihi inayoelekeza kwenye ripoti ya Ofisi ya Takwimu, UBOS.