Mpira wa linki, muvi za flashi: hakimiliki inavyotugusa Dodoma

Siku ya mechi kubwa, ukipita Majengo au Chang'ombe jioni, utasikia shangwe za goli moja mara mbili. Kwanza zinalipuka kwenye vibanda umiza vyenye king'amuzi. Muda kidogo baadaye zinalipuka tena kwa vijana waliokaa barazani wameinamia simu. Hao wa pili wanaangalia linki. Mtu fulani, pengine yuko Mbeya, pengine Mwanza, ameelekeza kamera ya simu yake kwenye televisheni ya nyumbani na anaurusha mpira mubashara kwenye ukurasa wake. Picha inakatakata na sauti inakwaruza, lakini ni bure.

Nafundisha somo la hakimiliki katika taasisi moja hapa jijini, na kila muhula swali la kwanza darasani ni lilelile: "Mwalimu, hapo nani kaibiwa? Kampuni ina hela zake, na mimi nimenunua bando langu." Ni swali la haki. Linastahili kujibiwa kwa hesabu, na kukemea hakusaidii.

Nianze na bando. Bando linalipia njia, halilipii mzigo. Ukikata tiketi ya basi kutoka Singida kuja Dodoma umelipia kiti. Gunia la alizeti la jirani yako bado ni lake. Mwenye kibanda umiza naye asijione yuko salama kwa kuwa ana king'amuzi halali. Kifurushi cha nyumbani kimelipiwa kwa ajili ya familia iliyo sebuleni. Kuonyesha hadharani kwa kiingilio ni matumizi mengine, nayo yana kibali chake.

Sasa hesabu yenyewe. Mei 2021, Shirikisho la Mpira wa Miguu, TFF, na Azam Media walisaini mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha Ligi Kuu, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Kampuni haitoi fedha kama hizo kwa mapenzi ya mpira peke yake. Inanunua haki ya kuwa mwonyeshaji pekee, na ndiyo inayoiuza kwa wateja wa ving'amuzi. Kila mtu akiirusha mechi kwa simu yake, kilichonunuliwa kinapungua thamani, na siku ya kujadili mkataba mwingine bei itaanzia chini. Simba na Yanga wana mashabiki nchi nzima na wadhamini wanaowafuata. Dodoma Jiji inayocheza pale Uwanja wa Jamhuri haina mtaji huo. Kwa maoni yangu, fedha ya haki za matangazo ikipungua, klabu za namna hiyo ndizo zitakazoyumba mwanzo, na ndizo zinazowalea vijana wetu.

Sheria inasemaje? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inamlinda mbunifu tangu pale kazi yake inapotoka kichwani na kuwekwa kwenye maandishi, sauti au picha. Hahitaji kuisajili kwanza. Ulinzi unaendelea maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo watoto na wajukuu wanarithi. Neno hakishiriki ndilo wengi hawalijui. Linamhusu mtumbuizaji, aliyetayarisha rekodi ya sauti, na chombo cha utangazaji. Ndiyo maana mechi ikiwa hewani ina mwenyewe. Ndiyo maana pia mama anayepiga muheme Chamwino ana haki ya kumwambia mgeni aliyekuja na kamera asimrekodi kwa biashara bila ridhaa yake, hata kama ngoma ile imetungwa na mababu. Sheria hiyohiyo ina sehemu inayolinda sanaa za jadi, na ningependa viongozi wa vikundi vya ngoma za Kigogo waisome kabla hawajapokea mgeni mwingine.

Kisha ikaja Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kifungu chake cha 24 kinahusu kukiuka haki za ubunifu kwa kutumia kompyuta, na simu yako imo humo. Aliyefanya pasipo lengo la biashara anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote. Aliyefanya kibiashara, faini inaanzia milioni 20 au kifungo kuanzia miaka mitano, au vyote. Rudia kusoma maneno "pasipo lengo la biashara". Kijana anayerusha mechi ili apate wafuasi tu, bila kuingiza hata shilingi, yumo.

Kabla ya hapo vita yetu ilikuwa ya kanda, kisha CD. Mwaka 2013 Serikali ilianza kutumia stempu za kodi za TRA kwenye CD na DVD za muziki na filamu, ili mnunuzi na mkaguzi watambue nakala halali kwa macho. Lilikuwa jambo la maana kwa wakati wake. Shida ni kwamba stempu hubandikwa kwenye kasha, na faili halina kasha. Leo ukienda kwenye vibanda vya kujaza flashi karibu na vyuo, tamthilia nzima ya Kikorea inahamia kwenye flashi yako kabla hujamaliza soda.

Nyingi kati ya muvi hizo zimetafsiriwa, yaani kuna sauti ya Mswahili anayesimulia na kuchekesha juu ya mazungumzo ya asili. Naheshimu sana kipaji hicho. Wamewafikishia filamu watu ambao wasingezielewa kamwe, nami utotoni nilikuwa miongoni mwao. Lakini haki ya kutafsiri ni ya mwenye filamu. Tafsiri nzuri isiyo na ridhaa inabaki kuwa ukiukaji, na inamwacha mtafsiri mwenyewe bila ngazi ya kusimamia siku kazi yake itakapoibiwa na kibanda cha jirani. Hilo limeshatokea mara nyingi.

Nchi zilizotutangulia zilijaribu njia kadhaa, na zipo zilizogonga mwamba. Huko Marekani mtandao wa Napster ulianza 1999, watu wakabadilishana nyimbo bila kumlipa yeyote, na mahakama ikausimamisha 2001. Wasikilizaji wakahamia mitandao mingine. Mwaka 2003 chama cha kampuni za muziki, RIAA, kikaanza kuwashtaki watu wa kawaida. Hadi kilipoacha mwaka 2008, watu wapatao 35,000 walikuwa wamefikiwa na kesi au madai hayo, mmoja wao msichana wa miaka 12 wa New York ambaye familia yake ililipa dola 2,000. Ufaransa nayo ilitunga sheria mwaka 2009 ya kumwonya anayepakua kinyume cha sheria, na akirudia akatiwe intaneti. Adhabu ya kukata intaneti ikafutwa 2013, ikiwa haijatumika kwa maana yoyote.

Msimamo wangu ni kwamba kumkimbiza msikilizaji mmoja mmoja ni kupoteza nguvu. Kunamjengea chuki na msanii, wala hakumgusi anayetajirika. Kilichoanza kuwavuta watu ni mlango halali uliokuwa rahisi kuliko dirisha. Aprili 2003, wakati kesi zile zikiandaliwa, kampuni ya Apple ilifungua duka la iTunes likiuza wimbo mmoja kwa senti 99. Baadaye zikaja huduma za kusikiliza mtandaoni kwa malipo ya mwezi. Hapa kwetu Boomplay ilifika ikiwa imeshawekwa ndani ya simu za Tecno, na Spotify ikafungua Tanzania mwaka 2021. Kampuni zinazotaka mteja wa Dodoma zijue kwamba mwanafunzi wa UDOM hana kadi ya benki ya kulipia kwa dola. Ana pesa kwenye simu, na ananunua vitu kwa siku au kwa wiki, kama anavyonunua bando. Mwuzie hivyo, atalipa.

Njia ya pili inayofanya kazi ni kumfuata mwenye mtambo na fedha yake. Muungano wa kampuni za filamu uitwao ACE, ulioanzishwa 2017, ulitangaza Agosti 2024 kwamba kwa kushirikiana na polisi wa Hanoi, Vietnam, umeizima Fmovies, tovuti ya filamu za wizi, na tovuti ndugu zake. Zilikuwa zimetembelewa zaidi ya mara bilioni 6.7 kati ya Januari 2023 na Juni 2024. Mapato ya tovuti za aina hii ni matangazo: ya kamari, ya picha chafu, na yale yanayokuambia "simu yako ina virusi, bonyeza hapa". Wazazi naomba mlione hili. Muvi ya bure imelipiwa na anayetaka kuingia kwenye simu ya mwanao, na simu hiyo mara nyingi ndiyo yenye pesa ya nyumba nzima.

Njia ya tatu ni kufungia tovuti, nayo inataka uangalifu. Italia ilianzisha mfumo uitwao Piracy Shield mwaka 2024, unaowataka watoa huduma za intaneti kufunga linki za mpira ndani ya dakika 30. Oktoba mwaka huohuo mfumo ukaifunga kwa makosa sehemu ya Google Drive, na watu wasiohusika na mpira wakashindwa kufungua mafaili yao ya kazi. Tukitaka kitu kama hicho Tanzania, nashauri sheria itaje wazi ni nani anayeagiza kufunga, na aliyefungiwa kimakosa anakata rufaa wapi na kwa muda gani. Kasi isiyo na rufaa itawaumiza wafanyabiashara wadogo wa mtandaoni.

Kenya ilichagua notisi. Marekebisho ya sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 2019 yanamruhusu mwenye kazi kumwandikia mtoa huduma ili maudhui yaondolewe. Wazo hilo lina asili katika sheria ya Marekani ya 1998 ambayo YouTube, Facebook na wengine wanaifuata popote walipo. Kwa hiyo msanii wa Kongwa anaweza kuitumia leo akiwa kwake, bila wakili. Kila jukwaa lina fomu. Utajaza jina lako, anwani kamili ya video iliyoibwa, anwani ya kazi yako halisi, na tamko kwamba unasema kweli. Piga picha ya skrini kwanza, yenye tarehe na idadi ya watazamaji, kwa sababu mwizi akishtuka hufuta ushahidi.

Kuna mtego mmoja nataka nikae nao. YouTube ina mfumo wa Content ID, ulioanza 2007. Mwenye haki anaweka nakala ya wimbo, kisha mashine inalinganisha kila video inayopakiwa. Ikipata mfanano, mapato ya matangazo yanaweza kwenda kwa aliyeweka nakala ile. Mashine haijui nani alitunga. Inajua nani aliwahi.

Kwaya moja ya kanisa hapa jijini ilinijia mwaka jana. Walirekodi albamu, wakauza DVD chache, mtandaoni hawakuweka kitu. Mtu wasiyemjua akachukua nyimbo zao, akazipitisha kwa msambazaji wa kidijitali, yaani kampuni inayozipeleka nyimbo kwenye majukwaa ya mtandaoni, kwa jina lake. Walipokuja kufungua ukurasa wao na kupakia wimbo wao wenyewe, wakapokea taarifa kwamba wamekiuka haki ya mtu mwingine. Mwalimu wa kwaya alinionyesha taarifa hiyo kwenye simu huku mikono ikimtetemeka. Alidhani atakamatwa.

Tulikaa tukatafuta ushahidi. Prodyuza alikuwa bado ana mafaili ya awali, kila sauti peke yake, yakionyesha tarehe. Mhazini alikuwa na risiti ya studio. Katibu alileta daftari la mazoezi lenye maneno ya wimbo yaliyofutwa na kuandikwa upya kwa kalamu mbili tofauti, na daftari hilo ndilo lililonishawishi mimi kuliko vyote. Walikwenda kuisajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Nilisema usajili si sharti la kupata haki, lakini cheti cha ofisi ya serikali kinasaidia sana mbele ya mtu wa mbali asiyekujua. Wakapinga dai, wakaandika kwa msambazaji pia.

Ilichukua wiki kadhaa. Wimbo ulirudi kwa jina la kwaya, ila mapato ya miezi iliyotangulia hawakuyapata. Siku hizi kila wakitoka studio, katibu anaomba mafaili yote kwenye diski, anaandika tarehe na majina ya waliotunga, na mwenyekiti na prodyuza wanasaini kabla taa hazijazimwa.