Kabla ya Kwenda Majuu, Tujifunze Kuaga

Darasa la watu wanaojiandaa kwenda kufanya kazi nje huwa nalianza kwa swali moja: "Siku yako ya kwanza ya mapumziko huko uendako, utakwenda wapi?" Kimya. Wamekuja tayari kwa maswali mengine: mshahara kiasi gani, mkataba wa miaka mingapi, majibu ya vipimo vya afya yametoka lini, tiketi analipa nani. Siku ya mapumziko haikuingia kwenye hesabu. Mmoja wa nyuma atasema, "Nitalala, mwalimu," na darasa zima litacheka.

Namwelewa, kwa sababu mimi mwenyewe nililala. Nilifanya kazi Doha, mji mkuu wa Qatar, miaka miwili, na Ijumaa zote za miezi mitatu ya kwanza nilizimaliza kitandani, simu kifuani, nikitazama picha za harusi za watu wa Nairobi. Mwenzangu wa chumba, kijana wa Nepal, alinisihi mpaka akanichosha, nikavaa viatu. Tulipanda basi hadi Corniche, ile barabara ya ufukweni. Pale kuna majahazi yamefungwa, gubeti zimeinuka kama za yale niliyoyaona Lamu nikiwa mwanafunzi. Niliyatazama muda mrefu. Wazee wa pwani yetu walikuwa wakingoja kaskazi ilete vyombo kama hivyo kutoka Ghuba, kisha wakingoja kusi ivirudishe. Mimi nilikuja usiku kwa ndege, na siku tisini zilikuwa zimepita sijauona hata mji wenyewe.

Siku hizi hakuna kisingizio cha usafiri. Metro ya Doha ilianza Mei 2019 na nauli ya kawaida ni riyal 2. Kinachokosekana ni mtu kuwa na mahali alipopania kufika.

Nasimulia haya kwa sababu, katika kazi hii ya kuwaandaa wasafiri, tunaandaa makaratasi tu. Makaratasi yakiwa sawa, tunamhesabu mtu kuwa ameiva. Lakini wengi wanaonipigia baadaye wakilia hawalii kwa sababu ya makaratasi. Wanalia kwa sababu waliondoka nyumbani vibaya, na walipofika hawakuwa na jambo la kulitazamia ila siku ya mshahara.

Basi tuanze na hiyo siku ya mapumziko, maana wengi hudhani ni hisani ya mwajiri. Qatar, kwa mfano, ina sheria ya wafanyakazi wa nyumbani ya mwaka 2017. Inasema kazi isizidi saa 10 kwa siku, kuwe na siku nzima ya mapumziko kila wiki bila kukatwa mshahara, na likizo ya wiki tatu kwa mwaka. Tangu Machi 2021 mshahara wa chini kule ni riyal 1,000 kwa mwezi, na yaya na mpishi wamo. Anayefanya kazi juani hatakiwi kuwa nje kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, kati ya tarehe 1 Juni na 15 Septemba. Na pasipoti ni yako: sheria ya 2015 inamkataza mwajiri kukaa nayo. Aliyeniajiri mimi aliifungia kabatini mwaka mzima, nami sikujua hata kwamba naweza kuidai. Sheria kuwepo na sheria kufuatwa ni mambo mawili, hilo najua. Ila asiyeijua hana hata pa kuanzia kubishana. Kila nchi ina yake, kwa hivyo isome ya nchi yako kabla ya tiketi kukatwa, si baada ya kutua.

Sasa kuaga, na hapa nitakaa kidogo.

Kwetu safari ya majuu mara nyingi huanza kwa mchango. Linaundwa kundi la WhatsApp, hema linapigwa uani, sufuria ya pilau inapanda jikoni, na mwenye maikrofoni anawaita wageni mmoja mmoja watoe walichokuja nacho. Ni jambo jema, na wengi wasingefika hata kaunta ya pasipoti bila hilo. Lakini mjomba aliyetoa elfu kumi hasahau. Msafiri anaposimama kushukuru na kusema, "Sitawasahau," kila aliyekaa kitini anasikia kiasi chake. Miezi miwili baadaye simu zinaanza: karo, mabati ya nyumba, jino la shangazi. Kwa hesabu za Benki Kuu ya Kenya, Wakenya walio nje walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4.9 mwaka 2024. Ni fedha nyingi, na nyuma yake kuna ugomvi mwingi ambao ungezimwa mapema kwa karatasi moja.

Karatasi hiyo iandikwe kabla ya hema kupigwa, mkiwa watu wawili au watatu wa karibu. Mshahara wa miezi ya kwanza unalipa deni la safari. Deni likiisha, nyumbani kitakuja kiasi hiki, Sacco itapata kiasi hiki, na kiasi hiki, hata kama ni kidogo, ni changu cha kutembea. Huo mstari wa mwisho ndio huzua maneno. Siku moja tulipoalika wazazi darasani, mama mmoja aliusoma kwenye karatasi ya bintiye, akainua macho.

"Kwani unaenda kutembea ama unaenda kazi?"

"Naenda kazi, mama," binti akamjibu. "Lakini macho siyaachi nyumbani."

Mama hakuridhika. Hata hivyo mstari haukufutwa.

Kwa watoto, ninayoona yananiuma. Mtoto wa miaka minne anaambiwa, "Mama ameenda dukani," ili asilie. Basi anangoja mlangoni. Anangoja kesho yake pia, na akija kuambiwa ukweli atakuwa amejifunza kwamba mtu akienda dukani huenda asirudi. Mwambie kabla. Mwambie nani atamlaza, nani atampeleka shule, na utampigia siku gani. Atalia, na wewe utalia, na hicho kilio ndicho kuaga kwenyewe. Kuhusu kupiga simu, saa ni jambo la kulijua: Doha na Riyadh wanasoma saa ileile ya Nairobi, Dubai imetutangulia kwa saa moja, na London iko nyuma yetu kwa saa mbili au tatu kutegemea majira. Chagueni siku na saa mnayoiweza, hata kama ni mara moja kwa wiki, na muitimize. Simu ya kila saa ya wiki ya kwanza, ambayo baadaye inakatika ghafla, inamchanganya mtoto kuliko ratiba ndogo inayotimia.

Kuna wanaoondoka kimyakimya kwa kuogopa macho ya watu. Sibishani na mtu kuhusu imani hiyo. Mtaa mzima si lazima ujue. Ila lazima awepo mtu mmoja anayejua kila kitu: nakala ya mkataba, nakala ya pasipoti, jina la wakala, jina na simu ya mwajiri, mji na mtaa. Awe mtu anayeweza kuusoma huo mkataba, si wa kuuhifadhi tu chini ya godoro. Kubalianeni pia neno moja la kawaida ambalo ukilitaja kwenye simu atajua una shida lakini huwezi kusema. Wanafunzi wangu wamechagua majina ya mboga, ya ng'ombe, na mmoja jina la mpenzi wake wa zamani, ambalo alisema hawezi kulitaja kwa bahati mbaya.

Kisha uwanja wa ndege. Watu wetu wanachanganya kuaga na kusindikiza. Uwanja wa Embakasi ulifunguliwa mwaka 1958, na wazee wa Nairobi wanaikumbuka roshani ambapo familia zilisimama kuipungia ndege mkono. Siku hizi uwanja huo, ambao sasa unaitwa Jomo Kenyatta, una ukaguzi wa njiani, kisha mlangoni anaingia mwenye tiketi tu. Muda ni mfupi, na nimeuona ukiliwa na begi. Mwezi uliopita nilikuwa pale na msafiri wetu: mzigo ulizidi kwa kilo sita. Begi likafunguliwa sakafuni mbele ya watu. Mama mtu akapiga magoti, akatoa pakiti ya unga ya kilo mbili, akatoa ya pili, akaishika ya tatu kifuani kama anayesubiri kubembelezwa. Binti anavuta zipu, shangazi anaomba kwa sauti, kaka anachukua video. Begi lilipofungwa, dakika zilikuwa zimeisha. Walikumbatiana upande upande, unga ukiwa katikati yao.

Pima begi mtaani, kwenye mizani ya duka la nafaka. Na aga nyumbani, usiku wa kuamkia safari, mkiwa mmekaa. Aliye na la kusamehewa aseme, aliye na la kuusia aseme. Uwanjani iwe kusindikizana tu.

Ya uhalali wa kazi nitayataja haraka, si kwa sababu ni madogo, bali kwa sababu ni rahisi kuyathibitisha. Wakala yeyote wa kazi za nje awe kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Orodha iko mtandaoni na kuitazama ni bure. Viza ya utalii si ruhusa ya kazi, hata ukiahidiwa kwamba "itabadilishwa ukifika." Tangu 2022 kuna Wakenya waliolazimika kuokolewa Myanmar baada ya kuahidiwa kazi Thailand na kujikuta kwenye kambi za utapeli wa mtandaoni. Na idadi kubwa kubwa zichunguze. Kenya na Ujerumani zilipotia saini mkataba wa wafanyakazi Berlin, Septemba 2024, habari zilienea kwamba kuna nafasi 250,000. Serikali ya Ujerumani ilikanusha: mkataba hauna idadi yoyote. Mlango upo, ila unafunguliwa kwa ujuzi na kwa lugha, na Kijerumani unaweza kuanza kukisoma hapa mjini. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari. Tangu Julai 2016 cheti chake ni cha maisha.

Majuu pia si lazima yawe mbali. Kwa kitambulisho cha taifa tu Mkenya anavuka kwenda Uganda na Rwanda, na nchi hizo zimeondoleana ada ya kibali cha kazi. Kigali iko nyuma ya Nairobi kwa saa moja. Bodaboda kule inambeba abiria mmoja mwenye kofia ngumu, na dereva hapandi barabara za watembea kwa miguu. Mkenya aliyezoea zetu hujikuta mgeni kwelikweli. Ninao wahitimu wa hoteli walioanzia huko wakiwa na mwaka mmoja wa uzoefu, na nyumbani wanarudi kwa basi likizo ikifika. Sijui kwa nini tunawahesabu kama ambao hawajasafiri.

Linabaki zoezi, ambalo darasani huleta manung'uniko kuliko mtihani. Jumamosi kila mmoja aende mahali hapa Nairobi ambapo hajawahi kufika. Aende peke yake, kwa matatu, akiwa na ramani ya simu na bajeti aliyoiandika, na Jumatatu aje na jambo moja la kutueleza. Kama huwezi kutoka Kayole ukafika Karura bila kumpigia binamu yako, Riyadh utaijuaje? Wengine hupanda vilima vya Ngong. Wengine huenda Mbuga ya Nairobi, iliyotengwa mwaka 1946, kilomita za mraba 117 zenye simba, ambayo wamekuwa wakiipita dirishani kila wakienda Kitengela.

Muhula uliopita dada mmoja, aliyekuwa amebakiza wiki tatu kuondoka, aliingia Jumatatu akiwa amechelewa, akasimama mbele kabla sijamwita. Alikuwa ameenda kwenye makumbusho ya reli. Kuna behewa pale, akasema, ambalo mwaka 1900 lilisimamishwa kwenye stesheni ya Kima, waliokuwemo wakimvizia simba, na simba akaingia usiku akamvuta afisa wa polisi Mzungu akatoka naye dirishani. Behewa lenyewe, si picha. Aliligusa.

"Na mnajua liko wapi?" akatuuliza. "Hapo tu ukitoka Haile Selassie. Miaka sita nimeshukia hapo kila asubuhi nikienda kazi."

Darasa likaanza kuuliza kiingilio ni pesa ngapi.