Hewa chafu ya Goma si ya volkano peke yake

Ukilalamikia hewa chafu Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, utajibiwa upesi: "Hiyo ni Nyiragongo, nani ataziba volkano?" Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Mlima hutoa gesi ya salfa, na kwenye mabonde ya lava kuna mazuku, yaani kaboni dayoksaidi nzito inayotuama chini na kuua mbuzi, hata watoto. Hayo hakuna sheria itakayoyazuia.

Lakini kilele kiko mita 3,470 hivi, mji uko karibu mita 1,500, na mara nyingi upepo hupeleka moshi wa mlima magharibi. Moshi wa mbabula, yaani jiko la makala (mkaa), unabaki jikoni, kwenye mapafu ya mama na mtoto aliye mgongoni. Makala yakishakolea hayaonyeshi moshi, ndiyo maana watu huyaamini. Kumbe hutoa kaboni monoksaidi isiyo na harufu, inayoua waliolala chumba kimefungwa. Ongeza jenereta, pikipiki na takataka zinazochomwa barabarani. (Chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, haina kosa, ila mzigo wake mara nyingi ni hayo hayo makala.)

Hapo sera ina kazi. Umeme wa maji wa kituo cha Matebe, eneo la Rutshuru, uliozinduliwa 2015, unafika Goma. Ila umeme wa taa tu haupunguzi makala ya kupikia. Makala hununuliwa kidogo kidogo kila siku. Jiko la umeme hulipwa kwa mkupuo. Kwa maoni yangu, mkopo wa jiko unaolipwa polepole utasaidia kuliko marufuku ya makala, ambayo hupandisha bei tu.