Uvimbe wa maji kwenye sikio la nje: kuyavuta tu hakutoshi

Wengi wanaonijia na uvimbe wa maji sehemu ya juu ya sikio wameshachomwa sindano mahali pengine. Maji yalivutwa, sikio likanywea, na baada ya siku chache uvimbe ukarudi palepale. Mara nyingi kilichokosekana si dawa kali zaidi. Sikio halikubanwa.

Sikio la nje limejengwa kwa gegedu, yaani ile sehemu ngumu kidogo inayopindika, isipokuwa ndewe, ambayo ni nyama laini. Kwenye tatizo hili gegedu hupasuka kati na kuwa tabaka mbili, na katikati yake hujaa maji ya manjano yenye utelezi, kama mafuta ya kula. Hakuna mfuko wa kung'oa humo. Kuna uwazi tu, na usipozibwa utajaa tena.

Huwapata zaidi wanaume, kwa kawaida sikio moja, bila maumivu makubwa. Kinachoshukiwa ni kusuguliwa na kugandamizwa kidogo kidogo kwa muda mrefu. Kwa hiyo dereva wa bodaboda namuuliza kuhusu helmeti yake, mchukuzi wa Kariakoo namuuliza anaegemeza gunia bega gani, na kila mtu namuuliza analalia upande upi.

Uvimbe ukiwa mdogo na mpya, navuta maji kwa sindano safi, kisha nalibana sikio hapohapo. Naweza kutumia pamba iliyofinyangwa kufuata mikunjo ya sikio na kufungwa bandeji, au vifungo viwili, mbele na nyuma, vilivyoshonwa kupitia sikio. Ndiyo, vifungo vya shati, vikishatakaswa. Hukaa wiki moja hadi mbili. Wagonjwa huona aibu kupanda daladala navyo, nami nawasihi sana wavumilie, maana hizo ndizo siku tabaka zinapogandana.

Wapo madaktari wanaochoma steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ndani yake. Huwasaidia baadhi, lakini inaweza kudhoofisha gegedu na kuharibu umbo la sikio, kwa hiyo mimi sianzi nayo.

Uliorudi tena na tena naupasua. Kwa ganzi ya sehemu, nafunua ngozi ya mbele, naondoa tabaka la mbele la gegedu, narudisha ngozi na kuweka vifungo. Tabaka la nyuma hulinda umbo la sikio. Kwa njia hii uvimbe hurudi kwa nadra.

Sikio likivimba baada ya kupigwa, hiyo huwa ni damu. Njoo siku hiyohiyo au kesho yake, kabla haijaganda na kulikunja sikio kama la bondia. Likiwa jekundu, la moto na linauma, ni maambukizi na linahitaji antibayotiki bila kuchelewa. Tafadhali usilitoboe nyumbani. Gegedu haina mishipa yake ya damu, na vijidudu vikiingia huiharibu upesi. Kulikanda kwa maji ya moto nako hakuondoi maji yaliyomo.

Na dereva wa bodaboda asiache helmeti kwa sababu ya sikio. Atafute inayomtosha, isiyokunja sikio anapoivaa.